Mama Mkubwa wa Sura ya Tisa

Nimesahihisha insha nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, zote zikieleza kwa nini mama yangu mkubwa ni katili. Swali huwa lile lile, maneno tu ndiyo yanayogeuzwa: jadili ukatili wa dada mkubwa katika riwaya, thibitisha kuwa dada mkubwa ni kielelezo cha ubinafsi. Wasichana wangu hapa Lodwar hujibu vizuri. Wanataja jinsi alivyompokonya mama yake mgonjwa kibuyu cha maji, jinsi mama alivyomsihi amwachie angalau funda moja, na jinsi alivyokwenda zake bila kugeuka nyuma. Mimi natia tiki. Mwongozo unasema kila hoja ina alama zake, na mimi niliajiriwa kufundisha Kiswahili, sikuajiriwa kuwa wakili wa ukoo.

Riwaya yenyewe iliandikwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Sina haja ya kuitaja jina, kwa sababu waliosoma sekondari huku kwetu walilazimishwa kuisoma. Imetahiniwa, ikaondolewa, ikarudishwa, na siku hizi inaitwa johari, hata na wale walioishia ukurasa wa kumi. Inasimulia ukame mkubwa na watoto watatu wanaotoka upande wa Lokitaung kwenda ziwani, walikosikia kuna misheni inayogawa uji. Kaka ni mjomba. Kitoto kinachobebwa mgongoni ni mama yangu. Dada mkubwa, anayemwacha mama yao chini ya mgunga katika sura ya tisa, ni mama mkubwa.

Mjomba alijitahidi kuficha. Alibadilisha majina ya watu wote, mto akaupa jina jingine, kilima akakihamisha. Kitu kimoja tu hakukigusa: fahali wa babu. Kwetu mwanamume huwa na fahali wake mmoja, anamlisha, anampinda pembe angali ndama, anamtungia nyimbo, na watu humwita mwenyewe kwa jina la huyo fahali mpaka lile alilopewa na mama yake linasahaulika. Fahali wa babu alikuwa wa kijivu mwenye madoa mgongoni, pembe moja imesimama na nyingine imeinama mbele ya jicho. Mjomba alimwandika vile vile alivyokuwa, rangi, pembe na jina. Niliwahi kumuuliza kwa nini aliyeficha yote asifiche na hilo. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini hakumbadilisha Mungu.

Basi yeyote aliyewahi kuchunga upande ule akisomewa kurasa mbili tu, anajua boma ni la nani. Akishalijua boma, dada mkubwa anamjua pia, maana boma lile lilikuwa na binti mmoja tu wa umri huo. Mwaka jana msichana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono katikati ya somo.

"Madam, si huyu ni yule mama wa makaa wa kwetu Kakuma? Watu wanasema ni yeye."

Nilimwambia riwaya ni kazi ya ubunifu na nikamwamuru aendelee kusoma. Alikaa, lakini darasa zima lilikuwa limeshageuka kumwangalia, na nilijua watakachoongea wakati wa chakula cha mchana.

Mama mkubwa hajui kusoma. Anaishi Kakuma, anauzia wakimbizi makaa na kuni, na ni makaa hayo yaliyomsomesha mjomba mpaka akawa mtu wa kuandika vitabu. Alijua kuna kitabu. Alikuwa nayo nakala moja, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza sandukuni pamoja na kadi yake ya ubatizo, na mgeni akija humtolea. "Hiki ni cha mdogo wangu," husema, halafu anakipangusa na kukirudisha. Sisi tuliojua kilichomo tulinyamaza. Mama yangu alisema la kuvunda halina ubani, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na ubani wa kujaribu.

Kisha redio ya hapa ikaamua kuisoma riwaya ile kwa Kiturkana, kila Jumapili baada ya ibada.

Mengine haya nilisimuliwa na majirani zake. Jumapili ya kwanza, msomaji alipofika kwa fahali wa kijivu, mama mkubwa alishtuka, akainuka, akanyoosha mikono juu, mmoja wima na mwingine ameukunja mbele ya jicho, kama wafanyavyo wanaume wakimwimbia fahali, akauimba wimbo wa baba yake wote. Wanawake walipiga makofi. Kuanzia hapo kila Jumapili alipika chai ya sufuria kubwa na kuita watu waje wasikilize habari za kwao. Alijua njia ile, alijua visima, alimjua punda aliyekufa. Alikuwa akiwaambia mapema kitakachotokea, na kinatokea kweli. Ikafika sura ya tisa. Alisikiliza hadi mwisho, akazima redio, akaendelea kumimina chai. Wengine waliinywa, wengine waliiacha pale.

Hakuja Lodwar mara moja. Alikuja baada ya majuma kadhaa, asubuhi, mikono mitupu, na hiyo peke yake ilinitia hofu kwa sababu hajawahi kuingia kwangu bila kubeba kitu. Hakuuliza habari za watoto. Alikaa kwenye kigoda, akavuta shuka lake.

"Yule dada ni mimi?"

Nilimjibu kwamba kile ni kitabu tu. Akasema anajua ni kitabu, anacho nyumbani, na kwamba hakuniuliza hilo. Nikamwambia ndiyo, ni yeye. Aliitikia kwa kichwa, polepole, na nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilimwona anazeeka pale pale mbele yangu.

Ndipo akanieleza anachotaka. Majirani wameacha kuja kuchukua moto kwake. Mtu wa mjini anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kule wanawake huamka, na ambaye moto wake umezimika huenda kwa jirani na kigae kuchukua makaa mawili matatu, na moto wa mama mkubwa ulikuwa haufi, kwa hiyo ulikuwa moto wa mtaa mzima. Sasa wanapita mlangoni kwake na vigae vyao kwenda mbali zaidi. Hawamtukani, wanamsalimia *ejok* na wanapita. Alitaka mjomba aende Kakuma, achinje mbuzi mlangoni pake, ampake majani ya tumboni mwa yule mbuzi kama tufanyavyo tunapotaka jambo liishe, na aseme mbele ya watu wote kwamba mama yao hakupokonywa maji. Hilo tu, kingine hataki.

Mjomba alikuwa anaumwa figo. Nyumba yake iko karibu na mto Turkwel, na siku hizo alikuwa anashinda kitandani, miguu imevimba, redio kando ya mto wake wa kulalia. Nilimpeleka mama mkubwa na nikabaki mlangoni, nikidhani kutakuwa na makelele. Hapakuwa na kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaishika miguu ya mdogo wake akaibonyezabonyeza kuona ilivyovimba, akamuuliza anakula nini. Halafu akamwambia:

"Mama alinipa kile kibuyu. Alikitia mkononi mwangu yeye mwenyewe, akanifunga vidole. Alisema tukikigawa sote wanne tutakufa sote wanne."

 Mjomba alisema yeye alikuwa ameshatangulia, mtoto yuko mgongoni, na alipogeuka aliona kibuyu kinatoka kwa mama kinaingia kwa dada. "Niliona mikono," alisema. "Maneno sikuyasikia."

"Na hukuniuliza."

"Nilikuwa mtoto. Nilipokuwa mtu mzima nikaona haya kuuliza."

Alijaribu kumwambia kwamba riwaya ni riwaya, kwamba yule wa kitabuni si yeye, ni mtu wa kubuni. Mama mkubwa akamuuliza kama ni wa kubuni, mbona fahali ni wa baba. Mjomba akasema fahali asingeweza kumbadilisha, baba angekuwa nani bila fahali wake? Na hapo wote wawili wakakubaliana, hilo lilinishangaza; mama mkubwa aliitikia kwa kichwa akasema ni kweli, hilo halifanyiki.  Nje jirani alikuwa anakatakata kuni.

Mjomba ndiye aliyeanza tena, na nakumbuka sauti yake ilivyokuwa nyembamba. "Niliikasirikia njaa, dada, sikukukasirikia wewe. Lakini njaa haina uso. Nilipokaa kuiandika nikaipa uso niliokuwa nikiutazama kila siku."

"Uso wangu ulikulisha," alisema mama mkubwa.

Mjomba alikubali kwenda Kakuma. Daktari alimkataza, yeye akasema ataenda, kisha akazidiwa, safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Shule zilipofungwa nilienda Kakuma kukaa na mama mkubwa, angalau awe na mtu wa kunywa naye chai. Niliyaona mwenyewe. Asubuhi anakoka moto, anaupanga vizuri kuliko inavyohitajika, anakaa karibu na mlango. Wanawake wanapita. Mmoja alikuwa rafiki yake tangu usichana wao. Alipita akiwa ameinamisha kichwa akitazama kigae chake kana kwamba kina shimo. Nilitaka kumfuata nimwambie maneno, na mimi maneno ninayo, lakini mama mkubwa alinishika kanga.

Waliobaki ni wateja wake wa kambini. Hao hawakujua Kiturkana na Jumapili redio yao ilikuwa inaongea mengine. Mmoja wao, mwanamke wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye alama kwenye paji la uso, alikuwa akinunua makaa kwake kwa miaka mingi na akinunua anakaa. Siku moja alimuuliza kwa nini mlango wake umekuwa mkimya, na mama mkubwa, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akamweleza yote, kibuyu, mgunga, kitabu. Yule mama alisikiliza huku amepakata gunia lake.

"Mama, sisi yote tuliacha watu njiani," alisema. "Mimi niliacha mtoto. Nani huku hakuacha? Tofauti tu, yetu hakuna mtu aliandika."

Mama mkubwa alimwongezea makaa gunia likafurika. 

Mjomba alifika hatimaye kwa gari la kukodi, amelazwa kiti cha nyuma, kofia imefunika macho. Alikuwa amekonda hata watoto waliomkimbilia walirudi nyuma. Mbuzi alikuwa dume jeupe, mama mkubwa alimchagua mwenyewe. Watu walikuja wengi, wengine kwa ajili ya haki na wengine kwa ajili ya nyama, na hao wa nyama sikuwalaumu, mvua ilikuwa haijanyesha. Mzee mmoja aliomba, watu wakaitikia. Mbuzi akachinjwa, tumbo likapasuliwa, na mjomba, akishikiliwa na vijana wawili, akachota yale majani mabichi kwa mkono na kumpaka dada yake kwenye paji la uso, kifuani na tumboni. Mengi yalianguka chini. Akasema alichoombwa kusema. Alikisema vizuri, bila kuficha, kwamba mama yao alitoa maji yale kwa hiari yake, na kwamba aliyekosea ni yeye na kalamu yake. Wazee waliitikia kila sentensi kama wanavyoitikia baraka. Mama mkubwa alisimama wima, yale majani yakimtiririka shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu mikono mitupu niliuona uso wake umelegea.

Jua lilipoanza kupungua, yule rafiki yake wa usichana alikuja na kigae. Alichukua makaa matatu. Nilifurahi, nikaingia nyuma ya nyumba kuosha sufuria nikiwa naimba. Hapo ndipo niliposikia wanawake wawili waliokuwa wanafunga mizigo yao upande wa pili wa ua.

Mmoja alisema kweli ndugu ni ndugu, tazama alivyo mgonjwa na bado amekuja kumsamehe. Yule wa pili akasema ni kweli, tena amejitwika kosa lote ili kumpa dada yake heshima mbele ya watu. Angekuwa yeye, asingeweza. Yule wa kwanza akamalizia: "Lisemwalo lipo. Mtu hapakwi bure."

Nilibaki na sufuria mkononi. Hawakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Kwetu hupakwa mwenye kosa, ili kosa limtoke. Mtu asiye na kosa akipakwa, watu watafikiri nini? Na kaka akijishtaki mbele ya watu kwa ajili ya dada yake, watasema ana moyo mwema, hawatasema anasema kweli. Walikuwa wamerudi kwa moyo mweupe kabisa, kumrudia mwanamke aliyemwacha mama yake kwa fisi na sasa amesafishwa.

Nilidhani mama mkubwa hajui. Kesho yake, baada ya wanawake kadhaa kuja kuchukua moto na kumwita kwa upole, upole ule wa kuongea na mtu aliyetoka kifungoni, alikaa chini akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Wamenisamehe," alisema.

Mjomba alipoelezwa alilia. Alisema ataandika upya sura ya tisa, au ataandika dibaji katika chapa mpya, awaambie wasomaji. Nilimsikiliza, lakini tayari nilijua jinsi wasichana wangu watakavyoisoma hiyo dibaji, kama watafika kuisoma: watasema mwandishi anaonyesha msamaha, ni dhamira, wapewe alama. Hata hivyo hakuandika. Alikufa kabla mvua hazijaanza, mchana, redio ikiwa inasema peke yake.

Tulimzika Lodwar. Watu wa serikali walikuja, wakahutubu kwa Kiingereza, kisha mwanafunzi mmoja aliyechaguliwa kwa sauti yake nzuri akapewa kipaza sauti ili aghani kipande cha kazi ya marehemu. Mtu anaweza kukisia alighani kipi. Ndicho kipande bora cha kitabu, hata mimi nakubali, nimekifundisha. Mama mkubwa alikuwa kiti cha mbele, kama dada wa marehemu anavyostahili, na kijana wa watu alighani kupokonywa kwa kibuyu huku machozi yanamtoka, bila kujua anamtazama nani. Watu walipiga makofi msibani. Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya hicho kipaza sauti.

Mama mkubwa alilala kwangu siku zilizofuata. Mchana mmoja nilikuwa nimetandaza karatasi za mtihani mezani, akaja akakaa karibu, akaniomba nimsomee sura ya tisa. Yote, na nimfasirie kwa Kiturkana. Nilikataa. Akaomba tena. Nikafungua kitabu nikaanza, na nilipofika kwenye kibuyu nikaruka aya mbili, nikaendelea na safari.

"Umeruka," alisema. "Rudi pale mama anapoongea."

Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Hakukasirika. Alisema maneno aliyoambiwa siku ile chini ya mgunga ameyabeba maisha yake yote, lakini tangu Jumapili ile ya redio akiyatafuta hayapati. Anajua yalikuwepo, ametuambia kiini chake, ila mama akianza kuongea kichwani mwake anaongea yale ya kitabu. Anamsihi. Mama hakumsihi, alisema, anajua hakumsihi, lakini sauti ile ni yake kabisa, jinsi anavyoanza kwa kumwita kwanza ndipo aseme. Mdogo wake aliijua sauti ya mama. Kwingine kote sauti ile imeisha, imebaki humo kitabuni tu.

Nikarudi nyuma nikasoma. Katika kitabu mama anamwita binti yake, anamwomba asichukue kibuyu, anamwomba funda moja, anamwita tena. Mama mkubwa alikuwa amefumba macho, na kila mama alipoita, aliitika kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeitwa kutoka ndani.

"Nipo, mama. Nipo."

Ukurasa ulipoisha aliniambia nisome tena.